Sifa za Mpangaji Asiyelipa Kodi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu aliingia kabla ya babu kuzaliwa, na jembe hajashikishwa. Namsema Mzee Unyevu, mkaazi wa zamani kuliko wote katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja. Kila mtu humlaani. Leo nimeona nimsifu, huenda akaona haya akaondoka.

Kwanza, ni mwaminifu. Wapangaji wengine huhama usiku na deni la umeme. Yeye hajalala nje hata siku moja. UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, naye alikuwa amekwisha kujiandikisha zamani. Masika yakiingia, hupanda ukutani kutoka ardhini kama mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari, taratibu, bila ngazi.

Pili, ni msanii. Ukuta wa sebule ulikuwa mweupe mtupu. Akauchora ramani: Pemba karibu na swichi, na Bara ikazidi kutanuka nyuma ya kabati.

Tatu, hana ubaguzi. Kanzu ya Idi ya baba na viatu vya mtoto huvishwa koga ileile. Biskuti zetu hazivunjiki, hukunjika. Cheti cha ndoa cha wazazi kimegandana na risiti ya godoro; hata kadhi hawezi kuwatenganisha.

Lakini sifa yake kubwa ni ualimu. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa walimjua. Chokaa hupumua: maji yakiingia, upepo huyatoa. Sisi tukaja na saruji. Fundi mmoja alituapia kwamba akipiga lipu ya saruji, mzee atakufa. Alipofungiwa mlango, mzee aliyekuwa amefika kiunoni akapanda hadi kifuani, akaisukuma chumvi ya ukutani, na mwaka haujaisha lipu ikawa inabanduka vipande kama chapati. Tukapiga nyingine, nene zaidi. Nayo ikaanguka.

Siku tuliyoibandua yote ndipo nilipomheshimu. Kichwa cha boriti moja, pale kinapoingia ukutani, kilikuwa kimeoza. Ukikifinya kinatoka unga. Mzee akiachwa aonekane, huchafua rangi tu. Akifichwa, hula nyumba kimyakimya, na dari haipigi hodi ikianguka. Zile ramani tulizokuwa tukizipaka rangi kila Ramadhani zilikuwa barua zake, nasi tulizichana bila kuzisoma.

Tukabadilisha boriti, tukarudi kwenye chokaa. Tukazibua mlizamu uliokuwa ukimwaga maji ya paa zima kwenye ukuta mmoja. Kabati tukalisogeza shibiri moja, na madirisha hufunguliwa kusi likivuma. Bibi alitutazama akacheka: "Hamkumfukuza. Mmempa mlango wa kutokea."

Sasa ukuta unakauka, taratibu kama ulivyolowa. Bara imenyauka, Pemba imetoweka. Kimebaki kidoa kimoja chini ya dirisha, kadiri ya kitumbua. Mke wangu anataka kipakwe rangi, nami nimekataa. Kikianza kukua, nitajua mlizamu umeziba tena.