Kesi ya Mtoto wa Sayari

Watu wa miji mikubwa, waendapo kutazama sinema, huketi kimya gizani na rai zao huziweka akiba mpaka watoke nje. Bali sisi wa Gatuanyaga, tunaokaa mashariki ya Thika, upande wa njia iendayo Garissa, baina ya machimbo ya mawe ya kujengea na vumbi la malori yayachukuayo, hatujaona sababu ya kungoja mwisho wa kisa ndipo tukitolee hukumu. Kibanda cha video kwetu ni kuta za mabati, mabenchi yasiyolingana urefu, televisheni moja iliyotundikwa juu kwa heshima ya mimbari, na hadhirina ambao kila mmoja wao ni kadhi.

Sinema ninayoikusudia ni Guardians of the Galaxy Vol. 2, ambayo James Gunn aliiandika na kuiongoza, ikatolewa mwaka 2017, miaka mitatu baada ya ile ya kwanza. Kwa ada yetu sinema ya namna hiyo haitazamwi uchi. Huvishwa kwanza sauti ya msimulizi, kwa ile sanaa iliyompa Lufufu jina Dar es Salaam na kumfanya DJ Afro kuwa mfalme wa vibanda vya Kenya. Jioni ile flashi ilileta picha, ikaleta na Kiingereza, lakini msimulizi hakuja. Mwenye kibanda, kijana mwenye adabu ambaye alikwisha kukusanya shilingi 20 za kila kichwa na hakuwa na nia ya kuzirudisha, alinigeukia mimi, kwa kuwa nilisifika kwa kuvaa miwani na kusoma gazeti mpaka kurasa za vifo, akasema, "Mwalimu, tusaidie." Sijapata kufundisha hata mbuzi, walakini mtu akipewa cheo mbele ya watu hana budi kukibeba.

Kisa kinafunguka kwa vita. Mashujaa wameajiriwa na taifa la watu wenye ngozi ya dhahabu kulinda betri zao dhidi ya dude la angani lenye minyiri ya pweza. Lakini mwongozaji, kwa ukaidi wake, anaviacha vita nyuma na kumfuata Groot mchanga, kijiti kitembeacho, akicheza ngoma miguuni pa wakubwa wanaokaribia kuuawa. "Tumelipa kuona vita ama kuona mche?" aliuliza kijana wa bodaboda, na swali lake likaungwa mkono na benchi zima. Drax, mmoja wa mashujaa hao, aliporukia kinywani mwa dude ili alipasue kutoka ndani, wachonga mawe walicheka kwa dharau ya mafundi, wakasema mwamba haupasuliwi kwa hasira bali kwa kuutafuta mstari wake. Na mwenzake Gamora alipolikata shingoni, palipokuwa na jeraha tayari, walimpigia makofi, na mmoja akasema mwanamke huyo angepata kibarua kwenye machimbo ya Munyu kesho asubuhi.

Adha yangu, hata hivyo, ilikuwa Groot. Kiumbe huyo, ambaye Vin Diesel alimtolea sauti, hana kauli ila moja, ya kulitaja jina lake. Na kila alipoitamka, mwenziwe Rocket, mnyama mdogo mwenye mkia wa mistari na ulimi wa mlevi, alimjibu kana kwamba amesikia hotuba nzima. Nami, kwa uaminifu, nikawa naarifu kwamba anataja jina lake. Mara ya kwanza walivumilia, lakini haukupita muda benchi la nyuma likanishutumu kuwa ninakula maneno. Mama auzaye chapati mlangoni alisema, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "Mwalimu, kama umechoka sema tu, tukuletee chai." Chai ikaletwa. Tangu hapo nilimtungia Groot hotuba ndefu zenye salamu, methali na kuwashukuru waliohudhuria, majilisi yakatulia, na mpaka leo wako watu Gatuanyaga wasifuo hekima ya mti ule.

Stima ilikatika mahali pabaya kuliko pote. Ego, ambaye ni sayari hai iliyojivika mwili na ndevu za Kurt Russell, alikwisha kumpokea mwanawe Peter Quill, mmoja wa mashujaa wale, kwa bashasha, akamwonyesha majumba na kumwahidi umilele. Kisha, kwa kuropoka, akamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeutia ule uvimbe katika ubongo wa mama yake, uliomwua. Pakawa giza. Na gizani mle, sinema ikiwa imekufa, ndipo baraza lilipofunguliwa kwa hakika, kwa suala moja tu: mtoto huyu ni wa nani?

Watu wa bodaboda waligawanyika. Yondu, yule haramia wa rangi ya samawati aliyemlea Quill, alikuwa amelipwa na Ego amchukue mtoto Marekani na kumfikisha kwake, naye akamzuia. Na kwa sheria za stendi, aliyepokea nauli na kubaki na mzigo jina lake linajulikana. "Lakini watoto wengine waliofikishwa kwake waliuawa," alijibu mwingine, "na mzigo ukijua unapelekwa kuchinjwa, wewe unaupitisha kwenu." Mama mmoja wa kanisa hakutaka kusikia habari za mzigo wala nauli, yeye alishika hoja kwamba mtu ajiitaye mungu hapaswi kupewa mtoto hata wa kushika kidogo.

Ndipo guka mmoja, yaani babu kwa lugha ya kwetu, aliyekuwa amelala tangu vita vya pweza, au sisi tulidhani amelala, akakohoa, na giza lote likanyamaza.

"Huyo msichana, mama wa mtoto, mahari yake ililetwa?"

"Hapana, guka."

"Hata mbuzi mmoja?"

"Ego alipanda ua tu msituni, karibu na kwao."

"Katika shamba la nani?"

Hakuna aliyejua. Guka alituacha tuionje aibu hiyo, kisha akauliza kama msichana alikuwa na baba, nami nikamweleza kwamba katika sinema ya kwanza babu wa mtoto alikuwapo hospitalini, binti yake akikata roho, na mtoto alipokimbilia nje ndipo chombo cha Yondu kilipomnyakua. Basi kesi imekwisha, alisema. Mahari haikulipwa, mtoto ni wa kwa kina mama yake. Mwenye sayari hana neno, wala mwenye chombo. Na muda huu wote mzee wa watu yuko kwao Missouri, huko Marekani, hajaletewa hata salamu.

Stima iliporudi, mvua ilirudi pamoja nayo, na chini ya mabati yale Yondu alimfia Quill na kuagwa kwa fataki za rangi zote bila kusikika neno hata moja. Nikasimulia kwa mikono. Sinema hiyo ina vipande vitano vya ziada vilivyotiwa baina ya majina ya mwisho na baada yake, lakini saa ya mpira ilikuwa imewadia, na mwenye kibanda alitangaza kwamba atakayebaki ahesabiwe kuwa ameingia upya.

Mwaka 2023 sehemu ya tatu ilitoka, na ndani yake Quill, baada ya kuyamaliza ya huko angani, alirudi Missouri akasimama mlangoni pa babu yake. Nilikwenda mwenyewe kumpelekea guka habari, nikitaraji angalau atabasamu, kwa kuwa Hollywood nzima ilikuwa imeifuata hukumu yake. Hakushangaa.

"Alikuja na nini mkononi?"

Nikamwambia zawadi hatukuonyeshwa. Kilichoonyeshwa ni kwamba baadaye alikuwa amekaa mezani akila nafaka kwa maziwa, babu yake akishika gazeti, wakizungumza habari za nyasi za jirani.

"Amekuja kula," alisema guka, na akataka kujua kama ya nne itaonyesha mbuzi wakipelekwa.