Wasifu wa Tope la Masika

Kibaha na Kisarawe, kuanzia Machi hadi Mei, hakuna kinachotukanwa kama tope. Dereva wa bodaboda hulilaani pikipiki ikiwa imezama hadi ekseli; mchuuzi wa mananasi hulilaani ndala zikiwa mkononi; na kijana wa Dar es Salaam aliyewaahidi wenzake matembezi ya kutwa vilimani hulifanya kisingizio cha kubaki kitandani. Kiumbe anayeshitakiwa na wote anastahili wakili, walau wa kujitolea. Utetezi wangu ni huu: kwa anayepanga kuacha njia na kukata pori katika vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, tope ndilo mshauri pekee asiyempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tuanze na kosa la vilima vyenyewe: ni vifupi. Havifiki hata mita 400 juu ya usawa wa bahari, na aliyesikia habari za Kilimanjaro na mita zake 5,895 huviona kama vichuguu. Dharau hiyo ndiyo inayozaa mipango ya ovyo: kuondoka baada ya chai nzito, kuvaa yeboyebo, kubeba chupa moja ya maji, na kupima umbali kwa kidole kwenye ramani ya simu. Kiangazi huivumilia mipango hiyo; tope haliivumilii. Udongo wa Pugu una kaolini, ule udongo mweupe uliowahi kuchimbwa huko na kuacha mapango ambayo sasa ni makao ya popo. Chembe zake ni bapa, zikilowa huteleza moja juu ya nyingine. Ukikanyaga mteremko, kisigino hutangulia, kiwiliwili hufuata, na mkono unaotafuta mti wa kushika hukutana na mwiba. Chini korongoni linangoja tope la pili, zito, linalomeza buti hadi kifundoni na kulirudisha kwa mlio wa kufyonza, kama halikuamua kubaki nalo. Anayelijua hilo hukadiria mwendo upya: penye saa moja huweka mbili, huanza safari saa kumi na mbili asubuhi, na hupanga saa ya kugeuka, tuseme saa saba mchana, awe amefika au hajafika. Jua la Aprili huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, na chini ya miti giza huwahi. Mpango wa namna hii ungefaa mlima wowote duniani. Basi tope ndilo linalovipa vilima vya Kisarawe hadhi ya mlima bila kuviongezea hata mita moja.

Watasema: si asubiri Julai, ardhi ikauke? Asubiri, ila ajue anachokosa. Ardhi kavu husahau. Tope hutunza kumbukumbu ya kila aliyepita, kuanzia kwato za mnyama hadi tairi la baiskeli iliyotoa mkaa usiku kupeleka mjini, na nyayo zako mwenyewe zitakazokurudisha ulikotoka ukipotea. Watasema pia kwamba kutembea nje ya njia wakati wa mvua kunaumiza msitu. Hoja hii ni nzito, lakini kinachochubua ardhi zaidi ni woga wa kuchafuka. Anayekwepa dimbwi hupanua njia kwa hatua moja, wa nyuma yake hukwepa zaidi, hadi kichochoro kinakuwa barabara na mvua ijayo inakigeuza korongo. Kwa hiyo penye njia, pita katikati ya tope. Pasipo njia, kundi liwe dogo, watu watawanyike, na mteremko mtupu uachwe. Na kwa kuwa Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ruhusa na mwongoza njia hutafutwa kabla ya buti.

Pingamizi la mwisho ndilo linalouma: ni rahisi kulisifu tope kwa mwenye safari ya starehe, wakati mkulima wa mihogo hafikishi gunia sokoni na mgonjwa anabebwa kwa machela hadi lami. Ni kweli, na utani haufai hapo. Lakini katika kesi hiyo tope ni shahidi, si mshitakiwa. Maji hayakupewa mfereji, kalavati limeziba, kifusi kilimwagwa bila kushindiliwa. Tope huja kila mwaka kutuonyesha kazi iliyolipuliwa. Hufanya ukaguzi huo bila gari, bila posho, na bahasha hailinyamazishi. Kwa uchache wa wakaguzi wa aina hiyo, huyu mmoja tulipaswa kumheshimu, hata kama anatuvua viatu.