Majimbo 10, 28, 32, Kisha 10 Tena

Skima ni fomu isiyojua huruma. Inataja kila rekodi iwe na nini: jina kwa herufi, umri kwa tarakimu, jimbo kutoka kwenye orodha iliyowekwa. Kisichomo kwenye orodha hakiingii. Skima zinazotumiwa na programu nyingi hufungwa pamoja kuwa kifurushi, na kifurushi hupewa namba ya toleo yenye sehemu tatu. Ya mwisho hupanda kosa dogo linapotiwa kiraka. Ya kati hupanda chumba kinapoongezwa bila kumsumbua mpangaji. Ya kwanza hupanda ukuta unapobomolewa, na hapo wapangaji wote hutakiwa kuarifiwa mapema. Ni kanuni nzuri, na inaelekea walioitunga walitoka katika nchi ambazo kuta zake hazibomolewi mara kwa mara.

Kifurushi hakiishi peke yake. Kinaazima vitu kwa vifurushi vingine, yaani vitegemewa vyake: kimoja kinajua nchi za dunia, kingine sarafu, kingine namba za simu, kingine saa. Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, vitegemewa hivyo havikuwasili siku moja. Uhuru wa nchi hiyo ulikuwa tarehe 9 Julai 2011. Msimbo wa simu wa 211 na pauni mpya vilitolewa mwezi huohuo, lakini herufi SS na tarakimu 728 zinazoitambulisha nchi katika orodha ya kimataifa zilisubiri hadi Agosti. Sudan nayo ilibaki na herufi zake, SD, ila tarakimu ilibadilika kutoka 736 kuwa 729, kwa kuwa eneo lake lilikuwa limepungua. Programu iliyotegemea herufi haikuhisi kitu. Iliyotegemea tarakimu iliamka ikitafuta nchi ambayo haimo tena kwenye orodha.

Na usiulize hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Baadhi ya simu za Juba zilikuwa na msimbo wa Sudan, 249, na za mtandao wa Gemtel zilipitia msimbo wa Uganda, 256. Skima iliyokisia uraia kwa namba ya simu ingemwandika muuza nyanya wa soko la Konyo Konyo kuwa Mganda, na Mganda wa kibanda cha pili, mwenye laini ya Sudan, kuwa Msudani.

Mtihani mkubwa ulikuwa majimbo. Nchi ilianza na 10. Oktoba 2015 amri ya rais iliyafanya 28. Januari 2017 yakawa 32. Februari 2020, serikali ya umoja ilipokuwa ikiundwa, yakarudi 10, pamoja na maeneo matatu ya kiutawala: Abyei, Pibor na Ruweng. Kwa kipimo cha namba za matoleo, ni kuta zilizobomolewa mara tatu katika miaka mitano, tena kila mara wapangaji wakisikia habari redioni.

Mtunza skima mwenye bidii alihangaika kila safari. Mwaka 2015 aligundua kuwa kugawa ni kugumu kuliko kuunganisha. Equatoria ya Kati ilizaa Jubek, Terekeka na Yei River, lakini rekodi iliyoandikwa "Equatoria ya Kati" bila kaunti haikuweza kusema ni mtoto wa nani. Ilibidi wenye rekodi wapigiwe simu mmoja mmoja, kwa namba ambazo nusu yake zilikuwa za msimbo wa zamani.

Ofisi moja mjini, isiyo na haja ya kutajwa, iliamua kushusha toleo jipya Ijumaa jioni. Jenereta ikazimika katikati ya kazi. Jumatatu fomu ya mbele ilikuwa na majimbo 28 na kanzidata ya nyuma ilikuwa bado na 10. Karani, mzaliwa wa Juba, akachagua Jubek na kujibiwa kwa maandishi mekundu kwamba Jubek si jimbo. Akajaribu Equatoria ya Kati, fomu ikasema haiijui. Hadi saa sita mchana mashine ilikuwa imeshikilia kwamba karani hatoki popote, na karani alikuwa ameanza kumpigia mama yake.

Mtunza skima mvivu, kwa upande wake, hakusasisha chochote tangu 2011. Mwaka 2015 alichekwa, 2017 akakemewa. Februari 2020 aliamka akiwa sahihi, amepungukiwa na maeneo matatu tu, huku mwenzake mwenye bidii akifuta kazi ya miaka mitano. Tangu hapo ni vigumu kumkemea mvivu kwa uso mkavu.

Hata hivyo, 10 za mwaka 2020 si 10 za mwaka 2011. Ruweng ilikatwa kutoka Unity mwaka 2015 ikawa jimbo, na majimbo yaliporudi haikurudi Unity. Ilibaki peke yake kama eneo la kiutawala. Anayerudisha toleo la zamani la orodha anaipeleka Ruweng nyumbani ilikokwisha kuhama. Kwa sababu hiyo mtunza skima mzoefu hafuti jimbo lililovunjwa. Huliacha kwenye orodha na kuliandikia tarehe ya kuanza na ya kuisha, ili cheti cha mtoto aliyezaliwa Jubek mwaka 2018 kisikataliwe na kompyuta ya leo.

Imebaki saa. Katika kanzidata ya saa inayotumiwa na kompyuta na simu duniani, Juba ilikuwa jina jingine tu la Khartoum. Tarehe 1 Novemba 2017 Khartoum ilirudisha saa nyuma na Juba ikakataa kufuata, hivyo toleo la 2017c likaipa Juba mstari wake. Kisha Juba nayo ikarudi nyuma tarehe 1 Februari 2021: ilipotimia saa sita usiku, ikawa saa tano tena, na Januari 31 ikapata saa 25. Toleo la 2021a lenye habari hiyo lilitoka Januari 24, wiki moja kabla. Simu ambazo hazikulipata, kwa uzee au kwa kukosa bando, ziliendelea kufuata saa ya Nairobi. Mwenye simu aliyerudisha saa kwa mkono alikuwa mkweli akilinganishwa na saa ya ukutani na mwongo katika kila barua pepe aliyotuma. Mswahili wa Juba, aliyekwisha kuzoea kupunguza sita kichwani kila anaposoma saa ya simu, sasa kwenye simu isiyosasishwa alipaswa kupunguza saba.

Anayevuka mpaka wa Nimule kuingia Elegu, upande wa Uganda, hupoteza saa moja na hurudishiwa akirejea. Mwenye kuitisha mkutano kati ya Juba na Kampala aandike saa ya wapi.