Kibuyu cha Fisi

Kiangazi kile wanyama wa bondeni walikubaliana kwamba kila siku ukoo mmoja utawatekea wote maji, kule mtoni kwa Mamba, na ukoo wenyewe utapatikana kwa kura. Kete nne zikatiwa kibuyuni: ya Punda, ya Mbuzi, ya Swala na ya Fisi. Kila alfajiri kete moja itolewe, isomwe, irudishwe. Kazi ya kutunza kibuyu ilitaka mwadilifu, na kwa kuwa Fisi ndiye aliyejitaja, akapewa Fisi, pamoja na cheo cha Katibu.

Siku 80 zikapita. Shangazi Punda akaingia barazani akichechemea, mkia umebaki nusu.

"Kila siku sisi tu?"

"Bahati hiyo, shangazi," Fisi akamjibu kwa upole. "Bahati haina macho."

Sungura akafungua daftari. Punda 32, Mbuzi 24, Swala 15, Fisi 9. Akawaeleza wazee kwamba kibuyu kikiwa safi, kila ukoo ungetarajiwa kwenda mara 20. Si 20 kamili, maana kura huyumba. Neno ni imeyumba kiasi gani. Basi kwa kila ukoo akatafuta tofauti kati ya kilichotokea na kilichotarajiwa, akaizidisha kwa yenyewe ili upungufu wa Fisi usifute ziada ya Punda, akagawa kwa 20, kisha akajumlisha zote nne. Akapata 15.3. (Wanadamu humpa sifa ya hesabu hii Karl Pearson, aliyeichapisha mwaka 1900. Ukimtajia Sungura jina hilo, anakohoa.)

"Ndiyo nyingi hiyo, au kidogo?" akauliza Mzee Kobe, mwenyekiti.

"Koo ni nne, mzee, lakini siku ni 80, kwa hiyo ukishajua hesabu ya koo tatu, ya nne inajitaja yenyewe. Tunahesabu 3 zilizo huru. Hapo kibuyu safi huvuka 7.8 kama mara 5 tu katika 100. Kufika 15.3 ni chini ya mara 2 katika 1000."

"Kumbe inawezekana!" akadakia Fisi.

Baraza likapima, likaona kweli inawezekana. Fisi akapewa onyo, na kibuyu chake.

Baada ya siku 80 nyingine, Fisi alikuja na hesabu zake mwenyewe, kwa wino wa rangi mbili: Punda 20, Mbuzi 20, Swala 20, Fisi 20. Sungura akapiga hesabu ileile, akapata sifuri. Vigelegele! Mbuzi akapendekeza Katibu avishwe kilemba.

"Kibuyu safi kutoa 20 kwa kila ukoo, bila kuyumba hata kidogo," akasema Sungura, "nako ni chini ya mara 2 katika 1000."

Akazomewa. "Ukipunjwa unalia, ukitendewa haki unalia!" Siwalaumu sana, nani anachunguza mizani iliyompa haki yake? Lakini hata Gregor Mendel hakupona. Mwaka 1936 Ronald Fisher alizipitia hesabu za njegere zake, akakuta zinalingana na matarajio kupita kawaida ya bahati, akamshuku msaidizi fulani aliyejua mno bwana wake anatarajia nini.

Mzee Kobe hakuzomea. Aliomba aletewe kibuyu. Fisi akasema kizito, kimekaa mbali, jua kali. Kikaletwa. Kobe akakiinamia, akatazama mdomoni, akagonga mara mbili.

"Nani huyo?" ikatoka sauti nyembamba. Mdomo mzima wa kibuyu ulikuwa umezibwa na utando, na katikati yake amekaa Buibui na wanawe. "Polepole jamani, watoto wamelala. Tangu tuhamie humu, siku ileile mliyompa Katibu onyo, hatujaona mkono wa mtu."