Bure, Mradi Uwe na Dola

Huku Merigi pesa hupimwa kwa kilo. Unachuma majani mawili na chipukizi la chai, unabeba kikapu hadi kituoni, unabishana na mizani, na mwisho wa mwezi unalipwa shilingi 20 na kitu kwa kila kilo. Bonasi nayo, sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea kuiona imekonda kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya. Sasa mtu wa hali hiyo anataka kutungia kwaya nyimbo nyumbani, kwa sababu studio za mjini zinataka pesa kwa kila wimbo, na kijana mmoja mjuaji anamwambia: "Mzee, programu ya kurekodia ni dola sitini tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Dola 60, kwa shilingi 129 kila moja, ni zaidi ya 7,700, yaani kilo mia tatu na ushei za majani mabichi. Mchumaji hodari wa kilo 30 kwa siku atainama zaidi ya siku kumi ili mimi nikae kitako nibofye.

Na hiyo ndiyo yenye huruma! Inaitwa Reaper. Wanakuachia siku 60 za kujaribu, na zikiisha haijifungi; kila ukiifungua inakukumbusha kwamba hujalipa, nawe unasubiri huku ukiangalia dari. Ukiitumia kibiashara, bei hiyo ni yako mradi mapato yako ya mwaka yasizidi dola 20,000. Hapo niko tayari kuapa hata bila Biblia.

Nyingine ni za bure, lakini bure ina masharti kuliko mahari. GarageBand ni bure, mradi kwanza ununue mashine ya Apple. FL Studio ya kujaribia inakuruhusu kuhifadhi wimbo, ila kuufungua tena ni mpaka ulipe. LMMS ni bure kwelikweli, haikudai hata senti, lakini toleo lake la kawaida halirekodi sauti ya mtu. Na kwaya, kwa bahati mbaya, ni watu. Halafu ukiifungua inakuanzishia mapigo 140 kwa dakika. Akina mama wetu wa soprano wakiimba kwa kasi hiyo itabidi hospitali ya Tenwek wakae tayari na ambulensi.

Kuna pia njia ya flashi. Kijana anakuletea programu ya mamia ya dola kwa bei ya soda, imevunjwa kufuli, na pamoja nayo virusi ambavyo huwa havijavunjika hata kidogo.

Tuseme umepata. Fungua basi maktaba ya sauti. Utakuta sitar ya India, koto ya Japani, wakati mwingine hata zumari za Skoti. Tafuta chepkong yetu, yaani kinubi, hiyo hiyo babu zetu wa Kipsigis waliyoipiga jioni baada ya kukamua ng'ombe. Haipo. Ngoma zipo mia moja, zote zimelelewa Marekani.

Ndiyo maana huwa nawaonea wivu wasichana wa Kapkatet. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika huko na mitambo yake ya kurekodi, wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, ambaye si mwingine ila Jimmie Rodgers, Mmarekani waliyemsikia kwenye gramafoni na ambaye alishafariki tangu 1933. Wakamfanya nusu mtu, nusu paa, wakamwalika kucheza. Sauti zao, chepkong moja, basi. Wimbo huo unasikilizwa duniani hadi leo, na hakuna aliyewauliza kompyuta yao ina RAM ngapi.

Mimi, kila nikitaka kurekodi alto peke yake, ni saa nane mchana, na saa nane mchana mvua ya huku haikosi miadi. Inaanza na matone machache juu ya mabati, halafu inakuwa ghala la njugu limepasuka. Kuna programu ya kufuta kelele: unaionyesha kipande cha mvua tupu, nayo inaiondoa mvua kote. Iliiondoa kweli. Ikaondoka na alto.

Nikapeleka suala la dola sitini kwenye kamati ya kwaya, nikiwa na MuseScore, programu ya bure ya kuandikia noti. Nikawachezea wimbo mpya. Kwaya ya kompyuta ikaimba "aaa" mwanzo hadi mwisho.

"Mbona hawatamki maneno?" mwenyekiti akauliza.

"Hawana maneno, mwenyekiti. Ni mashine."

"Na hiyo ya dola sitini itatamka?"

"Haitatamka."

Mweka hazina akavua miwani. "Mwalimu, na tukiinunua, itakaa wapi?"

"Ndani ya kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo kanisa litakuwa limenunua nini hasa?"

Kabla sijajibu, mama mmoja wa alto, yule yule aliyefutwa na mvua, akapendekeza pesa hizo zinunue sufuria kubwa ya chai ya mazoezi. Akaungwa mkono na sauti zote nne. Sufuria ilitoka Silibwet Jumamosi hiyo hiyo, na risiti yake ilisomwa kanisani.