Drili ya Bomba la Sinki

Mwili wake ni bomba la plastiki la inchi moja na nusu, lile lile la maji machafu ya sinki. Mota imetoka kwenye printa iliyokufa. Betri nimezichomoa kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyotupwa: ukiipasua unakuta vijibetri vya mviringo, unene milimita 18, urefu 65, na mara nyingi wafu ni wachache tu, wazima wamezikwa nao. Kila kimoja ni volti 3.7, unganisha vitatu upate 11 na ushee. Gharama haikufika bei ya drili ya dukani, mradi usihesabu nauli za kwenda Kariakoo kutafuta kichwa cha kushikia biti.

Kazi yenyewe ilikuwa matundu manne kwenye ubao wa mninga, mama watoto apate rafu ya viungo.

Siku ya uzinduzi uchochoro ulijaa. Kwetu Buguruni mafundi umeme ni wengi kuliko nyaya. Nikawasha. Ikalia kama nyigu aliyenyimwa sukari, moshi mwembamba ukapanda, ubao usitoe hata unga. Ndani mama watoto akauliza nani kachoma udi. Kumbe waya mwekundu na mweusi walikuwa wamebadilishana viti. Mota ya aina hii ukiigeuzia nyaya huzunguka kinyume, na biti ikienda kinyume hailimi, inasugua.

"Ongeza volti," akashauri jirani mmoja ambaye kwake taa haijawaka tangu mfungo.

Nyaya ziliporudi mahali pake biti ikauma kweli, ikaingia, ikakwama. Mota haikutaka kuelewa. Newton alishaandika mwaka 1687 kwamba kila msukumo hujibiwa na mwenzake wa upande wa pili. Basi ubao ulipokataa kuzunguka, likazunguka bomba, mkononi mwangu, pamoja na swichi. Nikawaheshimu sana Black na Decker wa Marekani, waliopata hataza mwaka 1917 kwa drili yenye mshikio wa bastola. Miaka yote niliuona ule mshikio ni mbwembwe za kuuzia. Nikaenda kununua tii ya bomba, nikaipachika, drili ikapata mguu wa kushikia.

Mninga haukutoboka hata hivyo. Mota ya printa ina mbio, haina misuli; bila giya za kuipunguza kasi, mti mgumu unaicheka. Rafu ilitundikwa kwa misumari. Lakini kwenye kifuu cha nazi, loo, inapita kama haijaona kitu! Mama mkwe, ambaye huko Bagamoyo hutengeneza pawa za kuuza, aliiona ikitoboa tundu la mpini, akaikunja kwenye kanga yake na kupanda nayo basi.

Juzi akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kibomba chako kimenyamaza."

Hapo ndipo ya kutengeneza mwenyewe inapoishinda ya dukani: ya dukani ikifa imekufa, yangu naijua kila kidonda. Nikamwambia aigonge ubavuni, karibu na swichi, ambako risasi haikushika vizuri. Nikasikia kofi, kisha mngurumo.

"Imepona," akasema. "Sasa tengeneza nyingine mbili. Wenzangu wa hapa wanazitaka, na hela zao nimeshapokea."