Mzee Alitaka Kuona Waya

Masikio bado yananiwaka. Leo asubuhi, mbele ya wapangaji wake, mwenye hosteli mmoja hapa Nchiru ameniuliza: "Kijana, nikulipe kwa kutenganisha waya ambazo bado zimechomekwa kwenye kisanduku kimoja?"

Aliniita kwa sababu Jumapili, katikati ya mahubiri, askofu alitoweka kwenye televisheni ya sebuleni na mahali pake wakatokea wacheza gengetone. Mzee akasema ni mapepo.

Hayakuwa mapepo. Swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote, isipopangwa na ikisikia kifaa kinauliza "nani mwenye anwani hii?" hulipeleka swali hilo kwenye kila poti nyingine. Simu ya mwanafunzi mpangaji ikiuliza televisheni iko wapi, televisheni ya mzee hujibu kwa heshima zote, naye huirushia muziki wake. Dawa yake ni VLAN. Nilimgawia mzee mitandao mitatu ndani ya swichi ileile: 10 ya familia, 20 ya wapangaji, 30 ya kamera. Kwenye waya uendao kwa ruta, kila fremu, yaani kifurushi cha data, hubandikwa lebo ya baiti 4, kwa kiwango cha 802.1Q cha mwaka 1998. Biti 12 za lebo hiyo hubeba namba ya mtandao. Piga hesabu: namba 4096, ondoa mbili zilizohifadhiwa, zinabaki 4094. Yote kwa waya mmoja! Na kabla fremu haijamfikia mpangaji, swichi huibandua lebo, hata asijue alitengwa. Akitaka kufika kwa mzee sharti apitie kwa ruta, nayo nilishaiagiza imkatalie.

Askofu akarudi hewani. Mzee akanilipa nusu, kisha akamwita fundi mwingine alete swichi ya pili yenye taa nyingi. Huyo akalipwa pesa zote, akaunganisha waya wa wapangaji na poti ya familia. Gengetone ikarudi, na aliyeitwa kujieleza ni mimi.

Na si mzee peke yake: kwenye duka la miraa nililipwa kwa miraa, nami sitafuni. Kanisani niliombewa.

Wazazi wa huku huuza mbuzi ili mtoto asomee mitandao chuo kikuu, kisha majirani humwambia alichofanya ni kubonyeza tu. Kebo wanailipia, taa wanazilipia. Akili iliyozipanga wanaiita msaada. Huo si utani, ni dhuluma.

Fundi mwenzangu, dai malipo kabla hujafungua laptopu.